Unene wa Karatasi

Kuna vitu vinavyokubali kupunguzwa na kuna vinavyogoma. Fundi wa vijisanamu vya majani ya mgomba hulijua hili kwa vidole kabla hajalijua kwa akili. Huchukua jani kavu, lile lililoning'inia shinani likapigwa jua mpaka likashika rangi ya kahawa, akalilowesha kidogo lisivunjike, akalizungusha kwenye waya uliokunjwa umbo la mtu, akafunga kiuno kwa uzi, na mwanamke amesimama. Jani la mgomba halina kinyongo na udogo. Mistari yake ya asili hugeuka mikunjo ya nguo, ncha yake iliyosokotwa hugeuka kilemba, na kipande kilichobaki hufungwa mgongoni kikawa mtoto. Katika maduka ya sanaa ya Rwanda wanawake hawa wasio na nyuso hupangwa kwa safu: mmoja anatwanga, mmoja ametoka kuchota maji, mmoja amebeba kapu, na Noeli ikikaribia mmoja wao hupewa kichanga cha kulaza kwenye nyasi, akawa Mariamu. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Hata ukishakauka na kugeuzwa mtu, mgomba huo bado unabeba, na haulalamiki. Shida huanza siku unapotaka kumpa mmoja wa wanawake hao kitu cha karatasi.

Aliyeko mezani pangu ana beseni kichwani, na mkono wake wa kulia umenyooka mbele. Huenda aliyemfunga waya alitaka tu asianguke, maana kijisanamu chenye mzigo kichwani huhitaji kitu cha kukisawazisha. Lakini mkono mtupu uliotangulia mwili haukai bila maana. Kwingine ungesema anasalimia. Mlangoni pa msikiti au kanisa ungesema anaomba. Kwa aliyezoea foleni ya Rusizi II, mkono ule una kauli moja: chukua, tazama, nirudishie, nipite. Rusizi II ni kituo cha mpakani kwenye wilaya ya Rusizi, pande ambazo wengi bado wanaziita Cyangugu. Mbele yake kuna daraja, chini ya daraja kuna mto ambao umetoka Ziwa Kivu muda mfupi tu uliopita, na ng'ambo imekaa Bukavu juu ya vilima vyake. Mto wenyewe hauulizwi kitu. Unaliacha ziwa, unashuka karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita 117 hivi, unamwagika Tanganyika, na njiani kote hakuna anayeugongea mhuri. Wanaoulizwa ni wale wanaopita juu yake, na wengi wa wachuuzi wanaovuka mpaka huu ni wanawake: nyanya, vitunguu, kabichi na mayai vikienda Bukavu, vitenge, viatu na vipodozi vikirudi.

Basi nikaamua kuupa mkono ule kazi yake. Hesabu ni nyepesi. Mwanamke wa mita 1.65 amekuwa wa sentimita 15, kwa hiyo kila alicho nacho kigawanywe kwa 11. Pasipoti, ambayo kwa kipimo kinachofuatwa duniani ina milimita 125 kwa 88, inabaki milimita 11 kwa 8. Kitambulisho cha ukubwa wa kadi ya benki kinabaki milimita 8 kwa 5, kipande ambacho pumzi ya fundi mwenyewe inatosha kukipeleka chini ya kabati. Urefu umekubali, upana umekubali. Kilichokataa ni unene. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa mtu wa sentimita 15 huo ni unene wa zaidi ya milimita moja mkononi mwako, na hiyo si karatasi tena, ni ubao. Pasipoti ya kurasa 32 ina majani 16. Yapange hayo kwa karatasi ya ofisini, na mwanamke wangu atakuwa ameshika kitu chenye unene wa karibu sentimita mbili kwa kipimo chake, jalada bado. Ukimtazama kwa mbali utadhani anampelekea mwashi tofali.

Hapo ndipo fundi huanza kutafuta wembamba. Gazeti ni jembamba kuliko karatasi ya ofisini. Karatasi ya kuvingirishia sigara ni nyembamba kuliko gazeti. Na ile ya kuchapia Biblia nayo haichezi mbali. Lakini kuna kina ambacho ukikishuka unafika mahali karatasi inakoma kuwa karatasi, inakuwa utando usioshika wino, unaoruka ukikohoa na kuyeyuka ukiupaka gundi. Kwa hiyo mwisho wa utafutaji wote ni hila. Unakata jani moja tu, unalikunja mara mbili kwa ukingo wa wembe, unalibandika jalada kwa tone la gundi ya unga wa muhogo lililochukuliwa kwa ncha ya kijiti cha meno, halafu kwa penseli iliyochongwa vizuri unachora mistari miwili mitatu pembeni ili jicho lisadiki kwamba ndani kuna kurasa. Pasipoti ya mwanasesere haina ndani. Ina uso tu. Na kila nikitazama jinsi nyaraka za watu wazima zinavyosomwa dirishani, jalada likipinduliwa, picha ikilinganishwa na uso, mhuri ukitafutiwa nafasi, najiuliza kama hila yangu ni kubwa kuliko hiyo. Hakuna anayesoma mtu hapo. Husomwa ukingo wake.

Upande wa Rwanda malighafi haikosekani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2008, mkate, sukari na mengineyo mengi ya dukani hubebwa ndani ya mifuko ya karatasi ya kaki, na anayeingia na mfuko wa plastiki huuacha mpakani, vitu vyake vikahamia kwenye karatasi au kitambaa. Kaki ni rafiki wa fundi: haing'ai, hukunjika bila kupasuka, na rangi yake iko karibu na rangi ya jani kavu la mgomba hivi kwamba mtu na mzigo wake huonekana wamezaliwa pamoja. Kwa kaki unamfanyia mfuko wa unga, bahasha, kofia ya mtoza ushuru. Mwavuli unautoa kwenye duara lililokatwa mara moja kutoka ukingoni hadi katikati: kingo mbili ukizipandisha moja juu ya nyingine duara linainuka lenyewe, na mvua za milima hii zimepata mpinzani. Sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu, hukatwa kwenye karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, kila mmoja milimita 8, mkasi ukipita mara mbili tu. Hawa nao wana hadithi ya safari. Waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandishwa kutoka ziwa la chini hadi la juu bila kuulizwa uraia, na tangu hapo wamekuwa wakivuliwa na wavuvi wa pande zote mbili na kukaangwa katika lugha zote za mwambao.

Lakini kitenge kiligoma. Ukichukua kipande cha kitenge halisi ukamfunga mwanamke wa sentimita 15, ua moja humfunika mgongo mzima, na ndege aliyechorwa kwa ajili ya nyonga ya mama mzima humkalia begani akiwa mkubwa kuliko kichwa chake. Nguo ikiwa kubwa mno huweza kupunguzwa kwa mkasi. Ua likiwa kubwa mno halipunguzwi kwa mkasi, hukatika tu. Dawa yake ni kuchora upya juu ya karatasi laini, maua madogo kama yanavyostahili, kisha kuifikicha karatasi ile kati ya viganja mpaka isahau ugumu wake na ikubali kuanguka kufuata mwili. Shanga nazo zina dawa yake, na waliobobea wako Uganda, ambako wanawake wa vitongoji vya Kampala wamezifanya karatasi za kalenda, mabango na majarida kuwa mikufu: ukanda mrefu wa pembetatu huanziwa kuvingirishwa upande wa kitako kipana hadi kuishia kwenye ncha, gundi hufunga, vanishi hung'arisha, na tangazo la biashara ya mwaka jana linavaliwa shingoni kama kito. Mimi natumia sindano badala ya kijiti, na pembetatu nyembamba kama unyasi. Katika kazi zote za karatasi hii ndiyo pekee ambapo unene unageuka kuwa msaada, kwa sababu shanga si kitu kingine ila unene uliojizungusha.

Na pesa? Mwanamke wa mpakani hawezi kusimama bila pesa, nazo ni za aina tatu: faranga za Rwanda, faranga za Kongo, na dola. Noti za Kongo nazifanya kwa raha, kwa sababu ndizo zinazosamehe. Karatasi ikikunjamana, ikilowa, ikichafuka kwa jasho la kiganja, inazidi kufanana na noti iliyopita sokoni mara elfu. Dola haisamehi. Kwa wabadilishaji wa Bukavu dola iliyochanika ukingoni kidogo tu, au iliyoandikwa kalamu, hurudishwa kwa mwenyewe, hata thamani iliyochapwa juu yake ikiwa ni ile ile. Kwa hiyo dola ya mwanasesere lazima ikatwe kwa wembe mpya na kushikwa kwa kibanio, isiguswe na kidole. Nimewahi kuwaza kwamba kuna tabaka hata kati ya karatasi. Kuna karatasi ambayo maisha yanaruhusiwa kuigusa, na kuna karatasi ambayo maisha yakiigusa inakufa. Maskini hushika zote mbili kwa mkono mmoja, na hutakiwa kutosahau ipi ni ipi. Ile ya kwanza huifunga kwenye pindo la kitenge. Ile ya pili huilaza ndani ya kitabu.

Mwaka 1638 Galileo, akiwa mzee na akiwa amefungiwa nyumbani kwake, alichapishiwa Leiden kitabu chake cha mwisho, na ndani yake akachora mifupa miwili. Alitaka kuonyesha kwamba mnyama akikuzwa mara tatu kwa urefu, mfupa wake haufai kukuzwa mara tatu tu. Utavunjika, maana uzito huenda mbio kuliko nguvu. Jitu la kwenye ngano, lenye umbo letu lakini refu mara kumi, lisingeweza kusimama. Watu wengi wamelikumbuka somo hilo kwa upande wa majitu. Meza yangu hulikumbuka kwa upande wa pili. Ukubwa na udogo si suala la kuzidisha na kugawanya kila kitu kwa namba moja. Ukimshusha mtu mara 11, kuna mambo yanayoshuka naye na mengine yanayobaki juu yakimtazama. Tone la gundi halishuki. Linabaki tone, nalo lina uzito wa kumvuta mkono. Unyevu wa ziwa haushuki. Upepo wa jioni kutoka Kivu huvimbisha karatasi ya milimita 8 kwa jeuri ile ile ya kuvimbisha daftari. Na unene wa karatasi haushuki. Mtu amekuwa mdogo peke yake.

Sasa mtazame mchuuzi aliye hai. Lori linalopita Rusizi II lina dereva, lina wakala wa forodha, lina faili, na juu yake kuna tani kadhaa za kubeba gharama ya faili hiyo. Nyuma ya lori, au pembeni yake, anakuja mwenye beseni la nyanya. Mtaji wake ukiulinganisha na wa lori ni kama mwanasesere wangu nikimlinganisha nami. Lakini maswali hayakupungua kwa kipimo hicho. Kitambulisho kinatakiwa kizima, hakuna kitambulisho cha nusu beseni. Upande wa Kongo kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho, na aliyeikosa siku za kuandikisha amekosa vitu viwili kwa mpigo. Jetoni, kile kikaratasi cha kuvukia, ina bei yake iwe umebeba nyanya za faida au za hasara. Laisepase, hati ya kuvukia mpaka, inapigwa picha ile ile, saini ile ile. Ushuru mdogo mdogo, wa halali na wa kubuniwa, unahesabiwa kwa kichwa, hauhesabiwi kwa beseni. Jumla ya karatasi zile ukizipanga juu ya mzigo wa lori huzioni. Zipange juu ya nyanya na utaona kwamba kitabu kimekuwa kinene kuliko mkono unaokishika. Kuku wa maskini hatagi, walisema wazee, na akitaga haangui, na akiangua halei. Wangemjua mchuuzi wa mpakani wangeongeza: na akilea, huombwa hati ya vifaranga.

Wapo waliolitambua jambo hili, na si haki kuwapita. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika ambalo Rwanda na Kongo zote ni wanachama wake, ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo: orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hati fupi ya asili ya bidhaa, na msamaha wa ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi thamani iliyowekwa. Ukiutazama kwa jicho la fundi, huo ni utafutaji wa wembamba. Mtu fulani ofisini alikaa na karatasi nene, akaona mkono ni mdogo, akatoa majani ya ndani akabakiza jalada. Hila ile ile ya pasipoti yangu, safari hii ikiwa rehema. Kinachobaki ni kile ambacho kila fundi hukijua: hati iliyofanywa nyembamba mezani hunenepa tena njiani, kila mkono unaoipokea ukiongeza gundi yake.

Wala si watu pekee waliopunguzwa wakawekwa kwenye karatasi. Nchi ndiyo ilitangulia. Ramani ni kifaa kidogo cha karatasi kilichotengenezwa kwa ajili ya mikono mikubwa, na mpaka huu wa Rusizi ulizaliwa mezani kabla ya kuzaliwa ardhini. Wabelgiji na Wajerumani waligombania Kivu kwa miaka, kila mmoja akinyoosha kidole kwenye ramani yake, mpaka mwaka 1910 walipokubaliana Brussels kwamba mstari upite ziwani na kufuata mto. Fikiria basi unene wa kalamu. Kwenye ramani ya moja kwa milioni, mstari wa nusu milimita una upana wa mita 500 juu ya ardhi. Nusu kilomita ya migomba, makaburi, visima na vitanda vya watu inalala chini ya wino, na aliyeuchora anaona ni mstari mwembamba kabisa. Wapangaji wa mipaka walifikiri wamepunguza nchi yote kwa kipimo kimoja. Kalamu yao haikupungua. Na tangu siku ile kuna jamaa waliojikuta wanaishi ndani ya unene wa mstari, shangazi huku, mpwa kule, shamba upande mmoja na soko upande mwingine, nao ndio wanaojipanga foleni alfajiri.

Kuna karatasi moja ambayo nimekataa kuitengeneza. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwahesabu Wanyarwanda na kuwapa kadi zilizotaja kabila la kila mwenye nazo. Kadi ile ilidumu kuliko wakoloni walioichapa. Kwa kipimo cha meza yangu, neno lile lingekuwa na urefu usiofika milimita mbili, na nukta ya penseli ingetosha. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo lilitosha pia vizuizini. Hapa hapa wilayani Rusizi, mjini Kamembe, mwezi wa Aprili mwaka ule, watu waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa Kamarampaka waliitwa kutoka kwenye orodha. Karatasi moja, majina yamepangwa, na walioitwa hawakurudi. Baadaye kadi mpya zilitolewa bila neno lile. Nimejifunza kukata vitu vidogo sana kwa karatasi, na ufundi huwa na kiburi chake: ukiweza kitu, mkono unawasha kukifanya. Lakini udogo ni hatari kwa kitu kama kile. Kijisanamu hupendeza, na kilichopendeza husamehewa. Kuna nyaraka ambazo hazistahili kupendeza kwa kipimo chochote.

Kinyume chake kiko mbali, milimani upande wa pili wa dunia. Katika jiji la La Paz, Bolivia, kila tarehe 24 Januari huanza soko la Alasita, na sherehe zake ziliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa tamaduni. Bwana wa soko hilo ni kijisanamu, Ekeko, mzee mnene mwenye masharubu na mikono iliyofunguliwa, aliyening'inizwa vitu vidogo mwili mzima: magunia ya chakula, nyumba, gari, masanduku. Na watu hununua karatasi. Noti ndogo, shahada ndogo za chuo, hati ndogo za viwanja, pasipoti ndogo. Saa sita mchana hubarikiwa, kwa imani kwamba ulichokipata kwa udogo mwaka huu utakipata kwa ukubwa wake kabla mwaka haujaisha. Nikiwaza juu ya watu wale, naona wamegeuza hesabu yangu. Mimi nagawanya kwa 11. Wao wanaishika karatasi ndogo wakisubiri kuzidisha. Pasipoti isiyo na kurasa mkononi mwa Ekeko haimdanganyi mtu. Ni ombi lililokatwa kwa mkasi. Na inanifunza kwamba karatasi haina ubaya wa kuzaliwa nao: kule kule inakotisha ndiko inakotamaniwa.

Ndiyo maana sipendi mazungumzo mepesi ya kuzilaani karatasi zote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aliye mnyonge ndiye mali zake hupotea kwanza. Mchuuzi mwenye risiti anaweza kumwambia mtoza ushuru wa pili, kwa heshima zote, kwamba wa kwanza keshapokea. Mjane mwenye hati ana la kusema mbele ya mashemeji. Laisepase yenyewe, pamoja na foleni zake, ni tunda la karatasi njema: mwaka 1976 Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa Zaire wakati ule zilitia saini Gisenyi makubaliano ya kuunda jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, ile CEPGL, na kwa saini hizo watu wakapata namna ya kuvuka. Kutoka shina hilo hilo likachipuka bwawa la umeme la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 chini ya kampuni moja ya nchi zote tatu. Maji yale yale yasiyogongewa mhuri yanawasha taa Bukavu, Kigali na Bujumbura kwa nguvu ya karatasi iliyokubaliwa. Hakuna anayeiona karatasi hiyo anapobonyeza swichi, na pengine huo ndio wembamba kamili: hati inayofanya kazi bila kushikwa.

Lakini karatasi ina ugonjwa mwingine ambao fundi wa vitu vidogo huuona mapema: haina nguvu yake yenyewe. Mkono ukiondolewa, inaanguka. Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa ajili ya Korona, laisepase zilibaki vile vile, picha zile zile, tarehe hazijaisha, na hazikufungua kitu. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, swali la nani agonge mhuri ng'ambo ya mto lilipata jibu jipya, na mwenye beseni hakuulizwa maoni yake. Wakubwa wakibadilishana mihuri, mdogo hubadilisha karatasi. Hulipa tena, hupiga picha tena, huanza foleni upya, na nyanya zinaendelea kuiva kwa kasi yao. Hapo ndipo utajua kwamba unene niliokuwa naupima kwa milimita haukuwa wa karatasi tu. Kila jani lina nyuma yake ofisi, na nyuma ya ofisi kuna mamlaka, na nyuma ya mamlaka mara nyingine kuna bunduki. Hayo yote hukandamizwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya milimita na kuwekwa kwenye kiganja cha mtu, kisha tunashangaa kwa nini kiganja kinatetemeka dirishani.

Katika kazi hii kuna kanuni moja ambayo hata mwanagenzi huambiwa: mwanasesere hutangulia. Kwanza waya, kisha mwili, kisha nguo, kisha ngata na beseni. Akishasimama kwa miguu yake ndipo unapima kiganja, na ukishapima kiganja ndipo unakata karatasi. Atakayeanza na karatasi atajikuta anaupinda mkono ili uishike, anapanua vidole, anainamisha shingo ili macho yaielekee, anachomoa beseni kwa sababu limeziba, na mwisho wa yote atakuwa ametengeneza kishikio cha karatasi chenye umbo la mtu. Mpaka wetu ulianza na karatasi. Ramani ilikuja kwanza, kadi ikafuata, mihuri ikafuata, na watu wakapindwa mmoja mmoja mpaka wakatoshea. Siombi karatasi zichomwe. Nimeshasema nani ataumia zikichomwa. Naomba mpangilio wa kazi ufuatwe. Aandikaye fomu itakayotumika Rusizi II na ajue kwanza beseni lina thamani gani, jua la saa nne linafanya nini kwa nyanya, na mama aliyeacha mtoto nyumbani ana saa ngapi za kusimama. Hati inayochukua muda mrefu kuliko uhai wa bidhaa iliyoandikiwa imekatwa kwa kipimo cha mkono wa mtu mwingine, na kwa kosa la namna hiyo mafundi hatuna mjadala: hairekebishwi kwa kumlaumu mwanasesere, hurudishwa chini ya mkasi.